Wino Hauwezi Kutusomea Ramani

Kuna maneno nimeyachoka. Kila ubishi ukizuka juu ya karatasi ya zamani, lazima mtu aseme, "Pelekeni maabara, wino upimwe, tumalize." Na wasemao hivyo mara nyingi ni watu wa vitabu kama sisi. Hapo ndipo naumia. Msomaji wa riwaya anajua fika kwamba msimulizi anaweza kuwa mtu halisi na bado akadanganya. Hivi kwa nini akikabidhiwa ramani anasahau?

Nawajibu kwa mfano wanaoupenda wao wenyewe. Mwaka 1965 Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kilitangaza Ramani ya Vinland, iliyodaiwa kuchorwa karne ya 15 na kuonyesha kipande cha Amerika kabla ya Columbus. Mwaka 1974 mkemia Walter McCrone alitoa jibu la wino: ndani yake mna anatasi, rangi nyeupe ya titani ambayo viwanda vilianza kuitengeneza karne ya 20. Kesi imekwisha? Wapi! Mwaka 1987 wapimaji wa California wakasema titani waliyoiona ni chembe tu, na mwaka 1995 Yale wakakichapa tena kitabu cha kuitetea ramani. Baadaye ngozi iliyochorewa ikapimwa, ikaonekana ni ya karne ya 15 kweli. Ngozi ya kale, wino wa juzi! Mpaka 2021 ndipo Yale wenyewe wakatamka kwamba ni ya kughushi, baada ya kuipima mistari yote na kuikuta titani kila mahali.

Lakini angalieni kilichoonyesha nia ya mghushi. Nyuma ya ramani kulikuwa na maandishi ya Kilatini, yaelekea ni maelekezo ya zamani kwa mfunga vitabu. Mtu aliyaandika upya juu kwa juu ili yaonekane yanaihusu ramani. Mashine ilionyesha wino wa pili. Kujua maneno yale yalikuwa na kazi gani, na kwa nini yalibadilishwa, ilibidi mtu asome.

Kwa hiyo wino una haki ya kukataa. Ukisema "mimi ni wa juzi," anayedai ni wa kale amekwisha. Lakini hauna haki ya kuthibitisha. Ukisema "mimi ni wa kale," umetaja umri tu, hujasema kama kilichochorwa ni kweli.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1856 ilichapwa ramani ya wamisionari wa Rabai, Rebmann na Erhardt, iliyochorwa kwa habari za watu wa misafara. Katikati ya bara letu wakaweka ziwa moja kubwa ajabu, kama konokono asiye na gamba. Waliambiwa maji yapo mwisho wa njia mbalimbali, wakayaunganisha. Kumbe ni maziwa matatu: Viktoria, Tanganyika na Nyasa. Kutafuta ukweli wa ziwa hilo ni sehemu ya sababu Burton na Speke walipita Usagara mwaka 1857, wakifuata bonde la mto huu wa Kilosa, Mkondoa. Burton aliuandika Mukondokwa. Pima wino wa ramani ile utakavyo. Utafaulu mtihani wote. Ziwa lake bado halipo.

Nimeitaja Kilosa kwa sababu huku ramani si pambo la ukutani. Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, watu zaidi ya 30 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Mahali penye historia hiyo, anayekuja na karatasi iliyochakaa akasema "hii ni ya Mjerumani" anagusa shamba la mtu, malisho ya mtu na kaburi la babu yake mtu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ni kweli, lakini mali hupotea pia kwa daftari lisilosomwa.

Chukua Mikumi. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, ikapanuliwa mwaka 1975. Ramani halali ya 1965, yenye wino halali wa 1965, itakuonyesha mpaka ambao leo si mpaka. Haikughushiwa na mtu, ila ukiitumia kumhamisha jirani umemdhulumu.

Na mghushi mwerevu hana haja ya kutengeneza ramani nzima. Anachukua iliyochapwa zamani, anaongeza mstari mmoja kwa kalamu. Hapo namruhusu mkemia aingie, tena kwa heshima zote: mstari wa peni hizi zetu za kawaida hauwezi kuwa wa Mjerumani, kwa kuwa peni hizo zilienea baada ya 1945. Amekamatwa. Lakini mstari ulioongezwa na karani wa wakati uleule, kwa wino uleule, kwa maslahi ya mwenye shamba la mkonge? Maabara itakaa kimya, sisi tutaambiwa kimya hicho ni ushahidi.

Jamani, hapa ndipo kazi yetu ilipo. Tuulize nani aliichora, kwa hela ya nani, alimsikiliza nani. Tuulize vijiji gani vina majina na vipi vimeachwa vyeupe kama pori. Tuulize jina limeandikwa kwa sikio la Mluguru, la Msagara au la mgeni aliyekuwa akipita. Tuilinganishe na ramani ya jirani, na kumbukumbu za wazee, na kilichoandikwa kijijini chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999.

Hayo yote ni kusoma, na ndicho tunachojigamba kukijua humu kila wiki. Mkemia atupe tarehe, tumshukuru. Akishaondoka, ramani bado iko mezani, na mwenye shamba anasubiri tuseme inasema nini.