Somo la Kiswahili Litoke Nje

Mtoto asiyeona mbali hausomi ubao, huukisia. Palipoandikwa "mtu" yeye huandika "mti", na mwalimu akadhani kuwa hajui herufi. Kwa kuwa sisi walimu wa Kiswahili ndio tunaomfundisha mtoto kusoma, afya ya macho yake yatuhusu. Ni maoni yetu kwamba sehemu ya somo letu ifanyike nje ya darasa kila siku.

Aghalabu, kutoona mbali hutokea jicho linaporefuka kupita kiasi katika kukua kwake. Jicho lililokwisha kurefuka halifupiki. Wataalamu wanaona kuwa mwanga wa mchana huchochea ndani ya jicho kemikali iitwayo dopamini, ambayo hupunguza kasi ya urefukaji huo. Katika mji wa Guangzhou, nchini China, shule 6 kati ya 12 ziliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa, baada ya miaka 3, tatizo hilo liliwapata watoto takriban 30 kati ya kila 100. Katika shule zile nyingine, takriban 40.

Mtoto wa Koyama, Chovai au Chula amezaliwa katika mwanga huo. Huokota kombe ufuoni na kulitazama tanga hadi lipotee upeoni. Lakini tangu vita vya 1991 Wabajuni wengi wameyahama makao yao, wengine hadi Mombasa. Huko, mtoto hushinda ndani: asubuhi shuleni, alasiri chuoni, jioni mbele ya simu.

Wapo watakaosema kuwa jua la Kismayo ni kali. Ni kweli, basi na tukae chini ya mkungu au mwembe, kwani hata kivuli cha mti mchana kina mwanga mwingi kuliko chumba cha darasa. Wengine watasema sarufi itapotea. Sisi tunaona kinyume chake. Ufuoni, dau limepwelewa na madau yamepwelewa. Mkoko umeota na mikoko imeota. Kaa amejificha na kaa wamejificha, ilhali jikoni kaa limezimika na makaa yamezimika. Mwanafunzi aliyemwona kaa akikimbilia shimoni hatasahau kwamba kiumbe hai hufuata upatanisho wa A-WA, hata kama jina lake halianzi kwa m- wala wa-.

Samaki mkunje angali mbichi. Miwani humsaidia mtoto kuona, lakini hairudishi jicho katika urefu wake wa awali. Tena mtoto wa kisiwani huenda akalazimika kuvuka bahari kuifuata. Dakika 40 chini ya mti hazina gharama. Kwa hiyo, kila mwalimu mtarajiwa anapoandika andalio la somo, na aonyeshe humo wakati wa kutoka nje.