UKURASA WA UFUNDI: Gari ya mazutu ikigoma kuwaka, tuanzie wapi?

Mwezi huu tunazungumzia gari za zamani za dizeli, au mazutu kama wengi wetu tulivyozoea kuiita. Gari hizi ndizo zinabeba unga, mbao na abiria, na usiku ndizo zinapeleka mama mwenye uchungu hospitali. Ikigoma kuwaka, si mwenye gari peke yake anayeumia.

Tumeona familia zikichanga pesa kununua pampu nyingine, kumbe shida ilikuwa maji kwenye filta. Kwa hiyo tujifunze kutafuta ugonjwa kabla ya kununua dawa.

Tuchukue mfano wa Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, silinda 6, lita 4.2, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990. Haina kompyuta ya kuongoza mafuta. Injini ya dizeli pia haina plagi za cheche kama ya petroli. Pistoni inabana hewa mpaka inakuwa moto sana, halafu nozeli inapuliza mafuta ndani, yanawaka yenyewe. Basi inahitaji vitu vitatu: izunguke kwa kasi, ipate joto, na ipate mafuta yasiyo na hewa.

1. Sikiliza stata, yaani demareri. Ikizunguka polepole na taa zinafifia, anza na betri na vichwa vyake. Usilaumu nozeli bado. Usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo, iache ipumzike.

2. Mwambie mwenzako apige stata, wewe angalia ekzosi. Moshi mweupe ukitoka, mafuta yanafika lakini hayawaki. Hapo shuku plagi za joto, mzunguko mdogo au mbano uliopungua. Moshi usipotoka kabisa, mafuta hayafiki. Endelea namba 3.

3. Fungua swichi bila kupiga stata. Kwenye pampu kuna swichi ndogo ya umeme yenye waya mmoja, ndiyo inafungua njia ya mafuta. Chomoa waya wake, uuguse tena: lazima usikie "tik". Usiposikia, angalia fyuzi na waya. Waya ukiwa na umeme na bado kimya, swichi hiyo imekufa. Hapo ni swichi ya kubadilisha, pampu iache kwanza.

4. Nenda kwenye filta. Fungua kizibo cha chini, kinga kwenye kopo la kioo. Maji yatakaa chini ya mafuta, utayaona. Yamwage mpaka yatoke mafuta safi, ufunge. Halafu bonyeza pampu ya mkono juu ya filta mpaka iwe ngumu. Isipokuwa ngumu, tangi ni tupu, au mpira umepasuka mahali unavuta hewa.

5. Bado? Legeza kidogo nati za mabomba mawili au matatu kwenye nozeli, funika na kitambaa, mwenzako apige stata. Povu likitoka, kulikuwa na hewa. Yakitoka mafuta matupu, kaza nati na ujaribu kuwasha. Pampu ina mafuta ya kutosha kuingia lakini hakuna kinachotoka kwenye mabomba? Sasa ndipo pampu inashukiwa, ipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kupima.

Jamani, tahadhari. Namba 5 ni ya pampu za zamani tu. Gari za kisasa za komon reli usizijaribu hivyo, presha yake inapita bar 1000. Hata kwenye ya zamani, usiweke kidole wala uso mbele ya mafuta yanayoruka. Yanaweza kutoboa ngozi. Jeraha linaonekana kama tundu la sindano, lakini ndani linaoza. Mtu akipigwa hivyo, hospitali mara moja, hata kama haumwi. Usivute mafuta kwa mdomo na mpira, yakiingia kwenye mapafu yanaua. Na mtoto asikae karibu na kopo la mafuta.

Maji yanatoka wapi? Mara nyingi kwenye bidoni. Mafuta ya kununua kwa bidoni yaache yatulie usiku mzima, mimina taratibu, na yale ya mwisho yabakize. Kitambaa kinazuia uchafu, maji yanapita. Mazutu ndiyo yanalainisha pampu. Maji yakiingia, vyuma vinasagana na vinapata kutu, na hapo kweli mtachanga pesa.

Vijana mnaojifunza umekanika, andikeni hatua hizi kwenye daftari na mzifuate kwa mpangilio, msiruke. Fundi anayefungua kila kitu anaweza kuharibu kilichokuwa kizima. Na nyinyi wenye gari, kabla ya kutoa pesa mwulizeni fundi: umepima nini, umeona nini? Fundi wa kweli hakasiriki akiulizwa, atakuonyesha.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaeleza namna ya kupima plagi za joto kwa balbu na waya tu.

Ni sisi, walimu wenu wa kujitolea.