Khaman Maluach pia aliacha chuo. Tofauti ni alikuwa anaenda wapi

Wasee, hii nitaandika ndefu. Kama uko kwa mathree hapo Outering na jam haisongi, uko na muda.

Wacha nianze na usiku mmoja. Tarehe 6 Aprili 2025, karibu saa kumi alfajiri. Niko kwa keja yangu hapa Fedha, simu imeegemea kikombe cha strungi, sauti iko chini juu kuta za hii ploti ni kama karatasi. Kando yangu kumekaa dogo wa orofa ya tatu. Ako na miaka 18, urefu futi sita na inchi sita, alimaliza Form Four mwaka jana. Akikaa kwa stuli yangu, magoti yanafika karibu na kidevu. Tunacheki Duke na Houston, nusu fainali ya basketi ya vyuo vya Marekani, ikichezwa San Antonio.

Dogo hakuwa ameamka kwa ajili ya Duke. Alikuwa ameamka kwa ajili ya mtu mmoja: Khaman Maluach.

Kama humjui, sikiza. Maluach alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, akalelewa Kawempe, Kampala. Mtoto wa wakimbizi, mtaa wa watu wengi, bodaboda na vumbi, yaani mahali ambapo mtu wa Pipeline hawezi potea. Alianza basketi akiwa na miaka 13 hivi, mazoezi ya kwanza akiwa na Crocs miguuni. Miaka mitano baadaye alikuwa Paris kwa Olimpiki ya 2024 akichezea Sudan Kusini, na hakuwa amefikisha miaka 18. Halafu akaingia Duke, moja ya vyuo vikubwa zaidi kwa huu mchezo. Futi saba na inchi mbili. Mswahili wa Kampala, jirani yetu kabisa, hapo kwa televisheni ya dunia nzima.

Na msimu wenyewe, manze. Duke walicheza mechi 39, wakashinda 35. Walipoteza nne tu: Kentucky 77-72, Kansas 75-72, Clemson 77-71, halafu hiyo ya Houston. Jumlisha vichapo vyote vinne, unapata tofauti ya pointi 17. Yaani msimu mzima, kati yao na kumaliza bila kupoteza hata moja kulikuwa na pointi 17 tu na vikapu vichache vya kubadilisha matokeo. Maluach alikuwa anapata wastani wa pointi 8.6 na ribaundi 6.6, na kwa mipira kumi aliyorusha, saba iliingia.

Sasa rudi kwa keja yangu. Kipindi cha pili Duke wako juu kwa pointi 14. Dogo ameshaanza kuongea kuhusu fainali. Imebaki chini ya dakika moja, ni 67-61. Nikasimama niweke maji ingine kwa jiko. Niliporudi Houston walikuwa wameanza kufunga, na hawakusimama: pointi tisa mfululizo, Duke sufuri. Ikaisha 70-67. Dogo aliangalia ukuta kama dakika mbili hivi, halafu akaniuliza, "Brathe, kwani wamerogwa?"

Sikuwa na jibu. Pia kichwa changu kilikuwa kwa kitu kingine. Kabla mechi ianze nilikuwa nimeona habari kwa simu na nikaamua kumficha: siku hiyo hiyo ya mechi, Marco Rubio, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alikuwa ametangaza kwamba viza zote za watu wenye pasipoti ya Sudan Kusini zinafutwa. Zote. Sababu ilikuwa mvutano kati ya serikali mbili kuhusu kurudisha watu waliofukuzwa Marekani. Maluach hakuwa na kesi yoyote. Alikuwa na pasipoti tu. Kijana ako uwanjani anatafuta nafasi ya fainali, na watu huko nje wanaulizana kama ataruhusiwa kubaki nchini.

Nikamwonyesha asubuhi. Akasoma mara mbili. Akasema, "Lakini yeye ako Duke."

Ndio, ako Duke. Hiyo ndio maana nimeandika.

Juni hiyo hiyo ikafika drafti ya NBA. Wale watano walioanza mechi za Duke, wote walichaguliwa. Cooper Flagg namba 1, Kon Knueppel namba 4, Maluach namba 10 akaenda Phoenix Suns, halafu Sion James na Tyrese Proctor raundi ya pili. Flagg, Knueppel na Maluach walikaa chuo mwaka mmoja tu.

Mwaka mmoja. Sasa niambie, kwa Kiswahili cha nyumbani, mtu akikaa chuo mwaka mmoja halafu atoke bila digrii anaitwa nani?

Anaitwa mimi.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Mzae alikuwa amepoteza kazi, deni la karo likapanda juu ya deni lingine, na siku ya mtihani nikafika mlangoni jina langu haliko kwa orodha. Nilirudi nyumbani na kalamu mbili mpya. Sitataja chuo, haina haja. Hizi video mnazoona zilianza hapo, juu nilikuwa na simu na muda mwingi. Shangazi yangu mpaka leo akikuja nyumbani huuliza "utarudi lini shule?" kama vile niko likizo. Kwa hivyo nikiona Maluach anavaa suti ya drafti na familia inalia kwa furaha, nafurahi naye kabisa, lakini pia kuna kasauti kananiambia: huyu pia ameacha chuo, na hakuna shangazi anamuuliza kitu.

Hapo ndipo watu wengi wa umri wetu tunakosea. Tunachukua hiyo picha ya mwisho na kuifanya somo. "Chuo si lazima, angalia Maluach." Nimeona hiyo klipu kwa akaunti tatu, na nakubali, mwaka jana ningeiposti pia. Ingepata watu.

Lakini hebu hesabu alichokuwa nacho kabla aache chuo. Alikuwa amefundishwa kule Saly, Senegal, kwa akademia ya NBA ya Afrika: kulala bure, kula bure, shule bure, makocha. Alikuwa amecheza ligi ya Afrika, BAL, na timu tatu tofauti, ya mwisho ikiwa City Oilers ya Kampala mwaka wa 2024. Alikuwa ametoka Olimpiki. Na huo mwaka mmoja wa Duke, chuo ambacho kusoma na kuishi kunagharimu zaidi ya dola 80,000, yaani zaidi ya shilingi milioni kumi, hakulipa yeye. Alipotoka, alitoka kwa mlango mmoja akiwa tayari ameshika kitasa cha ule mwingine. Mimi nilitoka kwa mlango nikajipata kwa steji.

Hiyo ndio tofauti. Kuacha chuo peke yake si ujasiri na si ujinga. Swali ni unaacha ukienda wapi, na nani amesaini.

Na bado, pamoja na hayo yote, tangazo moja la Jumamosi lilitosha kumtikisa. Kama mtu mwenye akademia, Olimpiki na Duke nyuma yake anaweza kuamka akute pasipoti yake imekuwa shida, sasa dogo wa Fedha mwenye skrinishoti ya Instagram atashikwa na nani?

Juu kuna skrinishoti. Dogo ako na barua mbili, tuseme. Ya kwanza ni ya kweli: chuo kimoja hapa Nairobi kimempa nusu ya karo akichezea timu yao. Kinafungua Septemba. Ya pili ni msee anayejiita ejenti, anasema atampeleka shule ya Marekani kwa shilingi 80,000 za "usajili". Anataka apelekewe keshi mkononi, steji ya Taj. Ile mall ilibomolewa 2018, makanga tu ndio bado wanaita hapo Taj. Ejenti wa Marekani, na ofisi yake ni steji ya jengo ambalo halipo!

Dogo anataka ya pili. Sababu yake? "Timu za vyuo za hapa hupigwa tu."

Na hapa lazima nimpe haki yake, juu kuna ukweli. Kwa ligi kuu ya basketi ya Kenya, timu za wanafunzi kama Strathmore Blades na USIU Tigers hukutana na watu wazima walioajiriwa. Ulinzi Warriors ni jeshi. KPA ni bandari. Equity Dumas ni benki. Siku zingine Nyayo Gymnasium unaona kijana aliyetoka kwa CAT asubuhi anajaribu kumsukuma askari wa miaka thelathini aliyekula vizuri. Sisi kwa viti tunacheka. Mimi mwenyewe nimeshatengeneza video ya kucheka timu ya chuo iliyopigwa vibaya, na ilifanya vizuri kuliko karibu kila kitu nilichowahi kuposti.

Naomba msamaha kwa hiyo. Nilikuwa nimeangalia ubao wa matokeo tu. Timu ya chuo ndio timu peke yake ambayo hupoteza wachezaji wake wazuri kwa sababu mambo yamewaendea vizuri. Wanagradueti, wanapata kazi, wanachukuliwa na timu zenye mshahara. Kocha anaanza upya kila Septemba. Ukipima msimu wa timu kama hiyo kwa ushindi peke yake, hujaupima. Uliza ni wangapi walimaliza na cheti, wangapi walipata timu, na nani aliumia goti na bado karo yake ikalipwa.

Hilo la goti ndilo nataka vyuo vyetu vijibu. Mnapenda sana kumweka mchezaji kwa bango la kutangaza usajili. Sawa. Basi muandikieni pia: akiumia, ufadhili unaendelea au unaisha? Mechi ikigongana na mtihani, nani anaongea na mhadhiri? Nusu ya karo ni nusu ya nini, na ile nusu ingine ikichelewa, jina linatolewa kwa orodha? Hayo yakiandikwa na kusainiwa, mtoto wa Fedha hatahitaji kuota San Antonio ndio ajione ako na mpango.

Na msiniambie hakuna njia hapa. Nairobi City Thunder walikuwa Kigali mwezi wa Mei 2025, klabu ya kwanza ya Kenya kufika BAL. Walipoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda, ni sawa, lakini ule mlango Maluach alipitia na City Oilers, sasa Nairobi pia imeugusa. Upande ule mwingine, Marekani kuna vyuo zaidi ya 350 vya daraja la kwanza, vyote na vijana warefu, na NBA inachagua watu wasiozidi 60 kwa mwaka kutoka dunia nzima. Fanya hesabu ukiwa umetulia.

Jumapili iliyopita mathe wa dogo alibisha kwangu. Nikamwambia karibu mathe, akakataa kukaa.

"Wewe kijana, huyu anakusikiza. Mwambie."

"Nimwambie nini, mathe?"

"Mwambie vile kukaa bila chuo kunakaa."

Hakusema kwa ubaya. Ndio maana iliniingia.

Jioni nikampata dogo uwanjani, ule wa simiti wenye ringi moja haina neti. Nikamwambia nilichowaambia nyinyi. Nikamwambia ejenti wa ukweli hula wakati umepata, hali kabla. Nikamwambia achukue nusu karo, aombe kila kitu kwa maandishi, acheze, apigwe, asome, na kama Marekani itakuja ije imkute akiwa na kitu mkononi. Alisikiza huku anadunda mpira. Halafu akaniuliza, "Na wewe brathe, ukipewa nusu karo leo, ungerudi?"

Nilikuwa na jibu la video. Lile la "elimu ni zaidi ya darasa" na muziki chini. Halikutoka.

Nikamwambia ndio. Ningerudi kesho.

Sijawahi kusema hivyo kwa sauti, hata kwa mamangu.

Fomu ya dogo bado iko juu ya friji yao, haijasainiwa. Septemba ni wiki chache. Kama unacheza timu ya chuo hapa Nairobi, au uliwahi kucheza, niandikie uniambie ukweli: walikulipia ulipoumia, ama hapana? Nitamsomea yeye na mathe yake kabla wasaini, ya uzuri na ya ubaya.