TAHARIRI: AKIBA YA MTOTO NI DEBE, SIYO KOPO



Msimu wa kahawa umefika, hela kidogo zimeanza kuonekana, na tumeanza kuliona tena lile jambo la mwaka jana. Baba ambaye mkewe yu karibu kujifungua anakwenda Mbinga mjini, anarudi na makopo ya maziwa ya unga mawili au matatu, anayapanga juu ya kabati, basi anasema amejiandaa. Wiki hiyo hiyo mahindi yake anayauza, mengine hata hayajatoka shambani. Hatumcheki ndugu huyo. Nia yake ni njema, na wapo akina baba ambao hata hilo kopo hawalifikirii. Ila sisi tunasema akiba hiyo imewekwa pasipo mahali pake.

Hebu tuhesabu, kama tulivyohesabu ubaoni katika darasa la watu wazima. Mtoto akizaliwa mwezi wa nane, miezi sita ya kwanza chakula chake kipo kifuani kwa mama, wala hahitaji hata maji. Miezi sita hiyo inaishia lini? Mwezi wa pili. Na mwezi wa pili kwetu kila mtu anaujua: mahindi ya shambani bado mabichi, kihenge kimebaki vumbi, na yule aliyeuza debe mwezi wa saba ndiye anayelinunua sasa kwa bei ya juu. Mtoto anaanza uji siku zile zile ghala likiwa tupu. Mama mmoja darasani alituambia kwamba wa kwake alizaliwa nyumba ikiwa na pesa, akaanza kula nyumba ikiwa inadaiwa. Darasa zima lilinyamaza.

Tusidhani haya ni ya nyumba moja mbili. Uchunguzi wa lishe wa mwaka 2018 uliukuta mkoa wetu wa Ruvuma kati ya ile mikoa ambayo katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano, zaidi ya 40 wamedumaa. Ruvuma hii hii inayopeleka mahindi mikoa mingine! Sisi wenye ngolo, wenye maharage, wenye usipa unaopanda kutoka ziwani! Wazee wetu waliokaa kwenye vikundi vya redio mwaka 1975, katika kampeni ya Chakula ni Uhai, walifundishwa kwamba mtoto hashibi kwa wingi wa shamba la baba yake. Nasi tumerudi nyuma kidogo hapo, tuseme ukweli.

Sasa hilo kopo. Likishafunguliwa halikai zaidi ya mwezi hivi, linataka maji yaliyochemshwa na chombo kisafi kila mara, na likianza kwisha watu huongeza maji ili lifike mwisho wa wiki. Mtoto anashiba maji, anaharisha. Na kadiri anavyonyonya kidogo ndivyo maziwa ya mama yanavyopungua, hapo unalazimika kununua kopo jingine. Ni kwa sababu hiyo Mei 1981 nchi 118 zilipiga kura huko Geneva kuzuia kutangazwa kwa maziwa hayo, nchi moja tu ikakataa, nayo ni Marekani. Serikali yetu ilitunga kanuni zake mwaka 1994. Kopo lina watu wake, kama mtoto aliyefiwa na mama, lakini hilo liamuliwe na zahanati, siyo na muuza duka. Hata mama mwenye virusi vya UKIMWI siku hizi ananyonyesha huku akimeza dawa zake.

Kwa hiyo tuweke nini? Tukikadiria unga gramu 100 kwa siku, mtoto anamaliza kilo 3 kwa mwezi. Debe moja la mahindi linamvusha mpaka mavuno mengine. Maharage nusu debe, karanga kidogo zikiwa na maganda yake, usipa mkavu. Na mama atengewe la kwake, maana anayenyonyesha anakula kwa wawili.

Tuhifadhi punje, siyo unga. Wapo wanaosaga mahindi, soya, karanga na dagaa kwa pamoja, ndoo nzima, wanaita lishe. Unga huo baada ya wiki chache unachacha kwa sababu ya mafuta ya karanga. Saga kidogo kidogo. Tena mahindi na karanga visipokauka vizuri huota ukungu wenye sumukuvu, na sumu hiyo haitoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kupima ni rahisi: tia punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Yakikauka, yatiwe kwenye mfuko wa kinga njaa, ule wenye nailoni mbili ndani, ufungwe usiingie hewa. Dumuzi humo hafiki mbali, na huna haja ya kumtilia mtoto dawa kwenye chakula.

Kamati ya ushirika imekubali kutoa pembe moja ya ghala. Nyumba zinazotarajia mtoto kati ya mwezi wa saba na wa kumi na moja zilete debe lililokauka Jumamosi asubuhi kwa mtunza ghala, lipimwe kwa chumvi mbele ya wote. Mfuko utaandikwa jina la mama, na hautatoka bila yeye mwenyewe kuwepo. Tumesikia akina baba fulani wananung'unikia sharti hilo. Waje waseme mkutanoni, tutawasikiliza, lakini mwezi wa pili mwaka jana tuliwaona foleni ya kukopa.