Elimu ya Daktari Isiishie Chuoni

Mwaka 1970 Taifa letu liliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mkulima wa Handeni na mkata mkonge wa Korogwe waliambiwa kwamba elimu haina mwisho, nao wakashika kalamu kwa mikono iliyozoea jembe na panga. Haitakuwa haki wito ule umhusu mkulima, umpite daktari.

Tutazame malaria, maradhi yanayojulikana katika kila nyumba ya wilaya hizo. Daktari aliyehitimu kabla ya 2001 alifundishwa kutibu kwa klorokwini. Mwaka huo Tanzania Bara iliiacha, ikashika SP. Mwishoni mwa 2006 SP nayo ikapisha dawa mseto, ambayo Zanzibar ilikwisha kuianza 2003. Baadaye, kwa malaria kali, sindano ya artesuneti ikachukua nafasi ya kwinini. Na Korogwe yenyewe, pamoja na Bagamoyo, ilishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza 2021. Je, yafaa elimu itoke Korogwe iende ulimwenguni, na tabibu wa zahanati jirani asiipate?

Sheria ya 2017 inayowahusu madaktari imelipa Baraza la Madaktari Tanganyika dhamana ya kuisimamia taaluma hii, pamoja na elimu ya kujiendeleza. Tunaliunga mkono Baraza. Hata hivyo, kuhesabu vyeti si kupima elimu. Cheti cha semina huthibitisha kwamba mtu alihudhuria. Hakithibitishi kwamba alijifunza.

Tena, semina nyingi hufanyika mijini. Daktari wa zamu Handeni akienda Dar es Salaam, nani atampasua mama aliyeshindwa kujifungua usiku ule? Akibaki na mgonjwa wake, atakosa alama. Kanuni isiyoliona jambo hili itamwadhibu yule aliyetimiza wajibu wake.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, mafunzo ya wodini yapewe ithibati: mijadala ya vifo vya uzazi na masomo ya kila wiki katika hospitali kama Magunga, mradi yaandikwe na kukaguliwa. Pili, semina inayolipiwa na wauza dawa isitambuliwe, isipokuwa somo na mwalimu vimechaguliwa na wanataaluma wenyewe. Mwenye duka hawezi kuwa mwalimu wa mnunuzi. Tatu, halmashauri zitenge fedha za kumleta daktari wa kushika zamu, mwenzake anapokwenda kusoma.

Msomaji wa Unguja na Pemba asidhani kwamba haya ni ya Bara peke yake. Afya si jambo la Muungano, na Zanzibar ina Baraza lake la Madaktari. Lakini mgonjwa wa Pemba huvuka kwenda Tanga kutafuta tiba, na daktari aliyesomea Bara hufanya kazi visiwani. Mabaraza haya mawili hayana budi kutambua mafunzo ya kila upande kwa kipimo kimoja.

Wakubwa wa Wizara hizi mbili wanapozitazama kanuni hizi, wasianze na hesabu ya vyeti. Waanze na swali la mama aliyembeba mtoto mwenye homa: je, dawa anayopewa leo ni ile inayoponya leo, au ni ile iliyoponya zamani daktari alipokuwa chuoni?