AFYA NA JIKO: Mtoto akikatazwa ngano, atakula nini njiani?

Mwezi huu tunajibu swali la mama mmoja wa hapa Kinama. Binti yake wa miaka minane alipimwa, muganga akasema ana ugonjwa unaoitwa siliaki, kwa hiyo asile ngano tena maisha yake yote. Mama anasema nyumbani si kazi ngumu, sababu bugali yao ni ya mihogo au ya mahindi. Shida inaanzia njiani. Akitoka shule wenzake wananunua mandazi, na siku ya soko Gasorwe kuna sambusa, kuna firiti, kuna brosheti. Mama anauliza: atakula nini asiugue, na mimi nimuulize muuzaji nini?

Kwanza tuelewane juu ya ugonjwa wenyewe. Ndani ya ngano kuna kitu kinaitwa gluteni. Ndicho kinachofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Shayiri inayo pia, na nafaka ya Ulaya iitwayo rai. Mwenye siliaki akiila, kinga ya mwili wake inageuka na kuumiza utumbo mwembamba. Vile vinyweleo vya ndani vinavyovuta chakula kiingie damuni vinalala. Mtoto anakula, anashiba, lakini chakula kinapita tu. Anaharisha, tumbo linajaa, anakonda, hakui kama wenzake. Wengine hawaharishi hata, ila damu inapungua kila mara. Jirani atasema ni minyoo, mwingine atasema amerogwa. Simshangai wa minyoo, kwani minyoo na utapiamlo vinafanana sana na hayo.

Sasa sikilizeni vizuri hapa: kama unashuku tu, usimkatie mtoto ngano kabla ya kipimo. Kipimo cha damu kinatafuta alama zinazokuwepo mtu akiwa bado anakula ngano. Ukiiacha miezi kadhaa ndipo umpeleke, kinaweza kuonyesha hana kitu. Nenda kwa muganga kwanza.

Kuna watu wanasema huu ni ugonjwa wa matajiri wa Ulaya. Hapana. Kule Algeria, karibu na mji wa Tindouf, wako wakimbizi wa Sahara Magharibi waliokimbia vita kuanzia 1975. Wanakaa kwenye kambi jangwani, wanakula mgao kama sisi, na mgao wao kwa miaka mingi ulikuwa na unga mwingi wa ngano. Mwaka 1999 waganga walitangaza matokeo ya kupima watoto wao karibu elfu moja: zaidi ya 5 katika kila 100 walikuwa na siliaki. Katika nchi nyingi inakadiriwa kama 1 kwa 100. Ni wakimbizi wenzetu hao, na chakula cha msaada ndicho kilikuwa kinawaumiza bila mtu kujua.

Na namna ngano ilivyokamatwa ni habari ya njaa pia. Muganga wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa ameshaanza kuishuku kabla ya vita. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945 mkate ulikuwa adimu sana Uholanzi. Watu walikufa kwa njaa, lakini watoto wenye siliaki wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Mwaka 1950 aliandika yote hayo katika kitabu chake cha udaktari.

Tuingie sokoni. Mandazi, chapati, mkate, biskuti, sambusa: zote ni ngano, hapo hakuna mjadala. Hata ukitoa nyama ya sambusa ukatupa ganda haisaidii, ganda limeshagusa nyama. Hivyo kila mtu anaelewa. Vinavyotudanganya ni vile ambavyo kwa macho havina ngano.

Chukua firiti. Kiazi hakina gluteni, mafuta hayana, chumvi haina. Lakini muuzaji ana karai moja. Asubuhi amekaanga mandazi, mchana sambusa, jioni viazi, na mafuta ni yale yale sababu ni ghali. Unga umebaki mule ndani. Na moto hauwezi kitu, kwa kuwa gluteni si mdudu wa kuuawa na joto. Firiti ile imeshakuwa ya ngano. Basi muulize: "Mama, mafuta haya yamekaanga nini tangu uyamimine?" Akisema ni viazi peke yake, mtoto ale. Akisitasita, pita. Kama utaweza kuuliza swali moja tu sokoni, uliza hilo.

Brosheti ya mbuzi yenye chumvi na pilipili ni nzuri. Uliza tu imepakwa nini, maana kube nyingine za mchuzi zina ngano ndani, na sosi ya soya mara nyingi hutengenezwa kwa soya na ngano. Tazama na wavu, kuna wanaopasha mikate papo hapo. Bulete na sosisi ziacheni, wengi huongeza mkate au unga ili nyama ionekane nyingi. Samaki na ndagala za kukaanga, uliza kama zimepitishwa kwenye unga, na unga gani. Mchuzi mzito kupita kiasi, uliza vilevile.

Chakula cha njiani kisicho na wasiwasi ni kile kilichokuja na karatasi yake toka kwa Mungu: ndizi mbivu, parachichi, yai la kuchemsha ambalo mtoto analimenya mwenyewe, muhindi wa kuchoma, kiazi kitamu kilichochemshwa na ganda lake. Ila mkono wa muuzaji uliotoka kushika mandazi usimshikie muhindi. Mtoto achague mwenyewe.

Wamama wengine wanaogopa kuuliza, kwamba muuzaji atafikiri unamwambia ni mchafu. Anza na ugonjwa, usianze na sufuria: "Mama, mtoto wangu ngano inamuumiza tumbo, nisaidie." Nimeona wauzaji wengi wakisikia hivyo wanakuwa walinzi wa mtoto kuliko sisi. Na nyinyi mnaouza, mkiulizwa semeni ukweli tu, hata kama mteja ataondoka.

Kwa saa ya mapumziko shuleni, mtoto abebe chake. Uganda wana vikate vinaitwa kabalagala. Unaponda ndizi ndogo tamu zilizoiva sana bila kuongeza maji, unatia unga wa muhogo kidogo kidogo mpaka donge lishikane, unakandamiza, unakata kwa mdomo wa glasi na kukaanga. Rangi ni kama mandazi, na wenzake watamwomba! Pika nyumbani kwa mafuta yako, sababu wako wanaochanganya na ngano.

Uji nao. Ulezi, mtama, mahindi na mchele havina gluteni. Lakini unga wa uji wa PAM una aina zaidi ya moja: upo wa mahindi na soya, na upo wa ngano na soya. Kwa macho hutajua. Soma gunia, tafuta neno wheat, au blé kama limeandikwa kwa Kifaransa. Kama huoni, omba kijana akusomee kabla hujapika. Kwenye mashine ya kusaga, kama aliyekutangulia amesaga ngano, mwachie mwenye mahindi apite kwanza.

Neno kwa wenye ndugu Marekani au wanaosubiri safari. Kule tangu 2006 sheria inataka ngano itajwe kwenye pakiti ya chakula, na tangu 2014 chakula kinachoandikwa hakina gluteni hakiruhusiwi kufika sehemu 20 katika milioni. Shayiri sheria ile ya 2006 haiitaji, kwa hiyo msome mpaka mwisho. Na msiamini kiazi kwa kuwa ni kiazi: firiti za McDonald's za Marekani zina kionjo chenye asili ya ngano, kampuni yenyewe inaandika hivyo.

Mama aliyeuliza, tuletee habari za binti baada ya miezi mitatu, uzito wake na darasani anaendeleaje. Mwezi ujao tutazungumza juu ya chumvi na presha.