Picha za angani zauza viwanja, lakini haziuzi hati

Na Mwandishi Wetu

BIASHARA ya viwanja na nyumba jijini Dar es Salaam sasa imepanda angani. Dalali ambaye zamani alimpeleka mteja moja kwa moja hadi Kigamboni au Goba, leo humtumia kwanza video fupi iliyopigwa kwa ndege isiyo na rubani, maarufu kama ndege nyuki. Ndani yake bahari inametameta, barabara imenyooka, na mstari mwekundu umekizunguka kiwanja.

Picha za namna hiyo zikitumiwa ipasavyo zina manufaa makubwa. Humwonyesha mnunuzi yale ambayo akisimama chini ni vigumu kuyaona kwa pamoja: umbali kutoka barabara kuu, nyumba za majirani, mkondo wa maji na nguzo za umeme. Tatizo ni kwamba nyingi hupigwa ili kumvutia mnunuzi, si kumfahamisha.

Lenzi pana, ambayo ni ya kawaida katika vyombo hivi, hukifanya kiwanja kidogo kionekane kikubwa, ilhali lenzi ya kuvuta huisogeza bahari karibu na baraza. Kamera ikitazama chini kutoka juu sana, mteremko hupotea na bonde huonekana tambarare.

Majira nayo yana siri zake. Kiwanja kilichopo bondeni kikipigwa picha wakati wa kiangazi huonekana kikavu na salama. Hata hivyo, mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na baadhi ya wakazi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande.

Kwa hiyo, muuzaji mwaminifu hana budi kuanzia barabara kuu na kuifuata njia hadi kiwanjani bila kukata picha. Kisha ashuke polepole hadi usawa wa macho, aonyeshe vigingi vya mipaka kutoka juu, na arudie kupiga picha baada ya mvua kubwa. Kwa upande wa nyumba, sehemu kubwa ya video ibaki ndani, kwani mnunuzi hatakwenda kuishi juu ya paa.

Sheria nayo haina budi kuheshimiwa. Vyombo hivi vinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) chini ya kanuni za mwaka 2018, na kibali huhitaji pia idhini ya wizara yenye dhamana ya ulinzi. Aidha, jirani anayefua nguo uani kwake hakuomba kuingizwa katika tangazo la mtu mwingine.

Lakini jambo zito zaidi ni ule mstari mwekundu. Huchorwa kwenye kompyuta, na yeyote anaweza kuuchora popote. Mpaka halali umo katika ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, na jina la mmiliki huthibitishwa kwa upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati. Kiwanja kilichouzwa kwa watu wawili hupendeza vilevile kikitazamwa kutoka angani.

Ni vyema basi mnunuzi aitumie video kuamua ni kiwanja kipi akakikague, na asilipe hata malipo ya awali kabla ya kufika mahali penyewe, kuzungumza na majirani na kupata majibu ya upekuzi.